Ndoa Sita za Henry VIII na Kujitenga kwa Uingereza na Roma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Henry VIII alioa mara ngapi?

Alifunga ndoa mara sita: na Catherine wa Aragon (Juni 1509), Anne Boleyn (Januari 1533), Jane Seymour (Mei 1536), Anne wa Cleves (Januari 1540), Catherine Howard (Julai 1540) na Katherine Parr (Julai 1543). Ukiuliza sheria, hata hivyo, jibu linabadilika. Ndoa ya kwanza, ya pili na ya nne zilitangazwa kuwa batili, yaani hazikuwahi kuwa ndoa tangu siku zilipofungwa. Kwa hukumu za mahakama zake mwenyewe, mfalme huyu alikuwa na wake watatu tu: Jane, Catherine Howard na Katherine Parr.

Tazama pia muda. Ndoa yake na Catherine wa Aragon ilidumu karibu miaka 24 kabla ya kubatilishwa. Ndoa nyingine tano zote zinaingia katika miaka 14 ya mwisho ya maisha yake. Picha ya kijana anayebadilisha wake tangu mwanzo wa utawala si sahihi. Mabadiliko yalianza akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40.

Kwa nini hakumpa tu Catherine talaka?

Kwa sababu talaka haikuwepo. Katika sheria ya Kanisa la Magharibi, ndoa halali iliyokwisha kutimizwa kimwili ilivunjwa na kifo peke yake. Wanandoa wangeweza kuruhusiwa kutengana, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuoa au kuolewa tena mwenzake akiwa hai. Njia iliyobaki ilikuwa kuthibitisha kwamba tangu mwanzo palikuwa na kizuizi, kwa hiyo ndoa haikuwepo.

Njia hiyo haikuwa ngeni kwa watawala. Louis XII wa Ufaransa alibatilishiwa ndoa yake mwaka 1498 ili amwoe Anne wa Brittany. Margaret, dada yake Henry mwenyewe, alibatilishiwa ndoa yake na Earl wa Angus mwaka 1527, mwaka uleule Henry alipoanza kesi yake. Mfalme alitarajia kukubaliwa, na matarajio hayo hayakuwa ya kijinga.

Kizuizi chenyewe kilikuwa kipi?

Catherine alikuwa shemeji yake. Novemba 1501 binti huyu wa wafalme wa Hispania aliolewa na Arthur, kaka mkubwa wa Henry na mrithi wa kiti. Arthur alifariki Aprili 1502. Ili mjane huyo aolewe na Henry, Papa Julius II alitoa ruhusa ya pekee yenye tarehe ya Desemba 1503.

Baada ya mimba nyingi kuharibika na watoto kufa wachanga, aliyebaki hai alikuwa Mary peke yake, aliyezaliwa Februari 1516. Henry akaanza kusoma Mambo ya Walawi 20:21, panaposemwa kwamba mtu akimwoa mke wa ndugu yake, hawatakuwa na watoto. Akaamini kwamba ndoa yake ilikuwa chini ya laana, na kwamba hakuna Papa mwenye uwezo wa kuruhusu jambo ambalo Mungu amelikataza. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyobeba hatari yote. Kama Papa hana uwezo huo, je, ni uwezo gani mwingine asiokuwa nao?

Kwa nini hoja hiyo ilimshinda?

Kwanza, Kumbukumbu la Torati 25:5 inaagiza kinyume chake: ndugu akifa bila mtoto, ndugu yake amwoe mjane. Wasomaji wa jamii zenye desturi ya kurithi mjane wataona mara moja uzito wa aya hii. Pili, mtoto alikuwepo. Wasomi wa mfalme walilazimika kudai kwamba andiko lilimaanisha watoto wa kiume. Tatu, Catherine aliapa kwamba yeye na Arthur, vijana wa miaka 15 hivi, hawakuwahi kukutana kimwili.

Kiapo hicho kilifungua mlango wa hoja nyingine, na Kadinali Thomas Wolsey, mshauri mkuu wa mfalme, aliuona mapema. Ikiwa ndoa ya Arthur haikutimizwa, basi undugu wa ndoa haukuzaliwa. Kilichokuwepo ni kizuizi kidogo zaidi, kile kinachotokana na ndoa kutangazwa hadharani. Ruhusa ya Julius II haikukitaja kizuizi hicho waziwazi. Ilikuwa hoja finyu ya kisheria, isiyogusa mamlaka ya Papa, na pengine ingempa kila mtu pa kutokea. Henry aliikataa. Alitaka kuambiwa kwamba Mungu yuko upande wake.

Msimamo wake ulikuwa na tundu jingine. Mary Boleyn, dada yake Anne, aliwahi kuwa hawara wa mfalme. Kwa sheria ya Kanisa la wakati ule, hata uhusiano wa nje ya ndoa ulizaa undugu uleule wa kisheria. Kwa hiyo mwaka 1527 Henry alikuwa akimwomba Papa mambo mawili pamoja: atamke kwamba ruhusa ya kumwoa mke wa kaka haifai kitu, na ampe yeye ruhusa ya aina hiyohiyo ili amwoe dada wa hawara wake.

Kwa nini asioe mke wa pili, kama Ibrahimu au Yakobo?

Jambo hili lilizungumzwa kwa dhati. Septemba 1530 mjumbe wa Henry mjini Roma, Gregorio Casale, aliripoti kwamba Papa Clement VII alidokeza kwa siri uwezekano wa mfalme kuruhusiwa wake wawili. Mwaka uliofuata Martin Luther, adui mkubwa wa Papa, aliandika kwamba ni heri mfalme awe na malkia wawili kuliko kumwacha wa kwanza. Henry hakuitaka njia hiyo. Tatizo lake lilikuwa urithi wa kiti cha enzi, na mtoto wa mke wa pili angepingwa na kila mwenye jeshi. Vilevile, kumkubali Catherine kama mke halali kungeangusha dai lake kwamba ndoa hiyo ilikuwa dhambi.

Papa alikataa kwa sababu ya imani au siasa?

Vyote viwili, lakini siasa ndiyo iliyokuwa na mizinga. Mei 1527 askari wa Kaizari Charles V, aliyetawala Ujerumani na Hispania, waliiteka na kuipora Roma, na Clement VII akazingirwa katika ngome ya Castel Sant'Angelo. Charles alikuwa mpwa wake Catherine, mtoto wa dada yake. Hakuna Papa ambaye angemwaibisha mama mdogo wa mtu huyo kirahisi.

Clement alichagua kukawiza. Alimtuma Kadinali Campeggio aendeshe kesi London pamoja na Wolsey. Mahakama ilikaa Blackfriars mwaka 1529. Catherine alifika tarehe 21 Juni, akapiga magoti mbele ya mumewe, akajitetea, akakata rufaa Roma, kisha akatoka na hakurudi alipoitwa. Mwishoni mwa Julai Campeggio aliahirisha shauri, na kesi ikahamishiwa Roma. Wolsey alianguka kutoka madarakani mwaka huo, akafa Novemba 1530 akiwa njiani kuletwa London kujibu shtaka la uhaini. Hukumu ya Roma ilitoka Machi 1534, ikisema ndoa ya kwanza ni halali. Kufikia hapo Anne alikuwa amekwisha kutawazwa na kujifungua.

Uingereza ilijitenga vipi na Roma? Hatua zilifuatanaje?

Hapakuwa na siku moja ya kujitenga. Ilikuwa kazi ya miaka minne, sheria juu ya sheria, na kuanzia 1532 fundi wake mkuu alikuwa Thomas Cromwell, mshauri wa mfalme.

Mwaka 1531 makasisi wote walishtakiwa kwa kuitambua mamlaka ya kigeni katika mahakama zao. Jimbo la Canterbury lilinunua msamaha kwa pauni 100,000, na wakalazimishwa kumtambua mfalme kuwa Mkuu wa Kanisa. Walifanikiwa kuchomeka maneno ya kujikinga: "kadiri sheria ya Kristo inavyoruhusu". Mei 1532 walikubali kwamba hawatatunga kanuni mpya bila kibali cha mfalme. Siku iliyofuata Thomas More alijiuzulu kama Mkuu wa Sheria wa ufalme. Mwaka huohuo Bunge lilitishia kuzuia fedha ambazo maaskofu wapya walipeleka Roma, sheria iliyowekwa mfukoni mwa mfalme aitumie akitaka.

Mwishoni mwa 1532 Anne alikuwa mjamzito, na sasa haraka ikaingia. Ndoa ya siri ilifungwa takriban tarehe 25 Januari 1533. Thomas Cranmer aliwekwa wakfu kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury tarehe 30 Machi, kwa hati zilizotolewa na Papa yuleyule aliyekuwa karibu kukataliwa. Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia Rufaa, iliyotangaza kwamba Uingereza ni milki kamili na kesi za ndoa zinaishia humohumo. Kwa maoni yetu hii ndiyo sheria muhimu kuliko zote. Bila hiyo Catherine angeendelea kukata rufaa. Tarehe 23 Mei, mjini Dunstable, Cranmer aliibatilisha ndoa ya kwanza. Siku tano baadaye akaithibitisha ya pili. Anne alitawazwa tarehe 1 Juni, na Elizabeth akazaliwa tarehe 7 Septemba.

Mwaka 1534 ulifunga kazi. Sheria ya Urithi iliwataka watu waape kuutambua uzao wa Anne. Sheria ya Ukuu ilimtaja mfalme kuwa Mkuu wa Kanisa la Uingereza hapa duniani, safari hii bila yale maneno ya kujikinga. Na Sheria ya Uhaini ilifanya hata maneno ya mdomoni ya kumnyima mfalme cheo hicho kuwa kosa la kifo.

Waliokataa kuapa walifanywa nini?

Watawa Wakartusi wa London walinyongwa na kukatwa vipande Tyburn mwaka 1535. John Fisher, Askofu wa Rochester, alikatwa kichwa tarehe 22 Juni, na Thomas More tarehe 6 Julai. More alikuwa mwanasheria na alijua kunyamaza si kosa. Hakutamka sababu yake ya kukataa kiapo. Alitiwa hatiani kwa ushahidi wa Richard Rich, aliyedai kumsikia akikana ukuu wa mfalme walipokuwa wakizungumza gerezani. More alikana hadi mwisho kwamba aliwahi kusema hivyo.

Anne Boleyn alikosa nini?

Hakuzaa mtoto wa kiume. Catherine alifariki tarehe 7 Januari 1536, na mwisho wa mwezi huo mimba ya Anne ikaharibika. Kifo cha Catherine kiliondoa kinga ambayo Anne hakujua anayo: maadamu Catherine alikuwa hai, kumwacha Anne kungemlazimu Henry arudi kwa mke wa kwanza. Tarehe 2 Mei Anne alikamatwa kwa mashtaka ya uzinzi na wanaume watano, mmoja wao George, kaka yake wa damu. Wanaume hao waliuawa tarehe 17 Mei. Siku hiyohiyo Cranmer aliibatilisha ndoa yake. Hapo pana mgongano ambao hakuna mwanasheria wa mfalme aliyeujibu: kama hakuwahi kuwa mke, alizinije? Tarehe 19 Mei alikatwa kichwa kwa upanga ndani ya Mnara wa London na mnyongaji aliyeletwa kutoka Calais. Tarehe nyingi alizodaiwa kuzini hazilingani na mahali alipokuwa, na wanahistoria wengi wanaona mashtaka hayo ni ya kubuni.

Na wake wanne waliofuata?

Jane Seymour aliolewa siku 11 baada ya kifo cha Anne. Alimzaa Edward tarehe 12 Oktoba 1537, akafa siku 12 baadaye. Henry alizikwa kando yake Windsor.

Anne wa Cleves aliletwa na Cromwell ili kupata washirika nchini Ujerumani. Mfalme hakumpenda tangu walipokutana mara ya kwanza. Ndoa ilifungwa tarehe 6 Januari 1540 na kubatilishwa Julai kwa sababu tatu: aliwahi kuahidiwa kwa mtoto wa mtawala wa Lorraine, mfalme hakuridhia kwa moyo, na ndoa haikutimizwa. Anne alikubali bila ubishi, akapewa mashamba na majumba, akaitwa dada wa mfalme, akaishi hadi 1557. Cromwell ndiye aliyelipa. Alikatwa kichwa tarehe 28 Julai 1540, siku ambayo Henry alimwoa Catherine Howard.

Catherine Howard alikuwa msichana mdogo, tena binamu wa Anne Boleyn. Mwaka 1541 ilifichuka kwamba kabla ya ndoa alikuwa na uhusiano na Francis Dereham, na kwamba baada ya ndoa alikutana usiku na Thomas Culpeper. Wote wawili waliuawa Desemba. Yeye hakushtakiwa mahakamani kabisa. Bunge lilipitisha sheria ya kumtia hatiani, na akakatwa kichwa tarehe 13 Februari 1542.

Katherine Parr anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. Aliongoza nchi kama kaimu wa mfalme mwaka 1544 Henry alipokuwa vitani Ufaransa. Mwaka 1545 alichapisha kitabu cha sala kwa jina lake, malkia wa kwanza wa Uingereza kufanya hivyo. Mwaka 1546 maadui walipanga akamatwe kwa uzushi. Alimwendea mumewe mapema, akajinyenyekeza, akaokoka.

Je, Henry alikuwa Mprotestanti?

Hapana. Hili ndilo swali linalojibiwa vibaya kuliko yote, hata katika vitabu vya shule. Mwaka 1521 aliandika dhidi ya Luther akizitetea sakramenti saba, na Papa Leo X akampa cheo cha Mtetezi wa Imani, ambacho wafalme wa Uingereza wanakitumia mpaka leo. Alichokibadilisha ni nani anatawala Kanisa. Mengi ya yanayoaminiwa ndani yake aliyaacha palepale.

Sheria ya Vipengele Sita ya 1539 inaonyesha hilo wazi. Ilisisitiza kwamba mkate na divai hugeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo, kwamba waumini wapokee mkate tu, kwamba makasisi wabaki waseja, kwamba nadhiri za usafi wa moyo zishikwe, kwamba misa za binafsi ziendelee, na kwamba maungamo kwa kasisi yabaki. Kukana kipengele cha kwanza kuliadhibiwa kwa kuchomwa moto. Cranmer, aliyekuwa ameoa kwa siri, ilimbidi ampeleke mkewe nje ya nchi.

Tarehe 30 Julai 1540, siku mbili baada ya kifo cha Cromwell, watu sita waliuawa Smithfield. Watatu walichomwa kwa sababu ya mafundisho ya Kiprotestanti, na watatu walinyongwa kama wahaini kwa kumtii Papa. Ukitaka kuielewa dini ya Henry, anza na siku hiyo.

Monasteri zilifungwaje, na mali ilikwenda wapi?

Mwaka 1535 makamishna walipita nchi nzima kuandika mapato ya kila parokia, abasia na konventi. Wakaguzi wengine wa Cromwell walifuata, wakitafuta kashfa na kuzipata kwa urahisi unaotia shaka. Mwaka 1536 Bunge lilifunga nyumba zenye mapato chini ya pauni 200 kwa mwaka. Zilizobaki zilibanwa moja moja: abati (mkuu wa monasteri) alitakiwa atie saini hati ya kujisalimisha "kwa hiari". Aliyekataa alihatarisha shingo yake. Richard Whiting wa Glastonbury, mzee sana, alinyongwa Novemba 1539. Nyumba ya mwisho, Waltham, ilijisalimisha Machi 1540. Kwa jumla zilifungwa zaidi ya 800.

Kazi ya kufunga ilikuwa na utaratibu. Mali iliorodheshwa, vyombo vya dhahabu na fedha vikapelekwa hazina ya mfalme, madini ya risasi yaliyoezekea mapaa yakayeyushwa, kengele zikauzwa kama metali. Paa likishatolewa, mvua ilimaliza kazi. Watawa wa kiume waliokubali walipata pensheni ya wastani wa pauni 5 hivi kwa mwaka. Watawa wa kike walipata pungufu ya hapo, na bado hawakuruhusiwa kuolewa. Ardhi ilisimamiwa na ofisi maalumu, kisha ikauzwa, mara nyingi kwa bei ya kodi ya miaka 20, hasa vita vya Scotland na Ufaransa vilipoanza kumeza fedha. Hapo ndipo mfalme alipopoteza nafasi kubwa: mapato ya kudumu yaligeuzwa kuwa fedha ya kampeni chache. Lakini kila familia iliyonunua shamba la abasia ilikuwa na sababu ya kutotaka Roma irudi. Maktaba za karne nyingi zilitawanyika, na hasara hiyo haijawahi kulipika.

Kaskazini watu waliasi. Oktoba 1536 makumi ya maelfu walikusanyika chini ya mwanasheria Robert Aske, wakibeba bendera ya Majeraha Matano ya Kristo. Waliahidiwa msamaha, wakatawanyika. Aske alinyongwa York mwaka uliofuata.

Muumini wa kawaida aliona nini kikibadilika?

Misa ilibaki kwa Kilatini mpaka mwisho wa maisha ya Henry. Mabadiliko mengine aliyaona. Sikukuu nyingi za watakatifu, hasa za msimu wa mavuno, zilifutwa 1536. Kwa maagizo ya 1538 kila parokia ilitakiwa iwe na Biblia kubwa ya Kiingereza, mishumaa mbele ya sanamu ikapigwa marufuku, na kila kasisi akatakiwa aandike daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Daftari hizo ndizo msingi wa utafiti wa koo za Kiingereza hadi sasa. Kaburi la Mtakatifu Thomas Becket, Canterbury, lililokuwa likivuta mahujaji toka Ulaya yote, lilivunjwa mwaka huohuo. Kisha mwaka 1543 mfalme akarudi nyuma: sheria iliwakataza wanawake wa kawaida, mafundi, wanagenzi, wakulima na vibarua kuisoma Biblia hiyo.

Je, ni kweli Kanisa Anglikana lilianzishwa ili mfalme aoe?

Ndoa iliwasha moto, lakini nyumba haikujengwa na Henry. Kitabu cha Sala cha Kiingereza kilitoka 1549 chini ya mwanawe Edward VI. Binti yake Mary aliirudisha nchi kwa Roma kuanzia 1553, na takriban watu 280 walichomwa moto, Cranmer akiwa mmoja wao. Elizabeth alijitenga tena mwaka 1559, akajiita Gavana Mkuu badala ya Mkuu wa Kanisa. Mapatano ya Elizabeth ndiyo yaliyodumu.

Mvutano uliobaki ndani yake ulisafiri hadi Afrika Mashariki katika karne ya 19. Shirika la wamisionari la CMS (Church Missionary Society), ambalo Johann Ludwig Krapf alilitumikia alipofika Mombasa mwaka 1844, lilikuwa la upande wa Kiinjili. Shirika la UMCA (Universities' Mission to Central Africa), lililojenga kanisa kuu la Mkunazini huko Zanzibar, lilipenda ibada zinazokaribia za Kikatoliki. Ndiyo maana Waanglikana wa sehemu moja wanafukiza ubani na wa sehemu nyingine hawafanyi hivyo. Na kwa wanaouliza: mfalme wa Uingereza hana cheo wala mamlaka yoyote juu ya Kanisa Anglikana la Tanzania, Kenya au Uganda.

Kwa nini tarehe zinatofautiana kati ya kitabu na kitabu?

Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Jambo lililotokea Januari au Februari huandikwa katika hati za zamani chini ya mwaka uliotangulia. Ndoa ya Anne Boleyn ya Januari 1533 itaonekana kama 1532, na kifo cha Henry cha tarehe 28 Januari 1547 kama 1546. Sheria nazo hutajwa kwa mwaka wa utawala, ambao kwa Henry ulianza tarehe 22 Aprili. Ukikuta sheria ya mwaka wa 26 wa Henry VIII, jumlisha 26 na 1508: utapata 1534, na mwaka huo wa utawala unaishia tarehe 21 Aprili 1535. Sheria ya Ukuu imo humo.